Filbert Bayi bila dhahabu ya Olimpiki: tumpime kwa mizani ipi?

Natumaini mitihani haijawamaliza, na wale wa zamu za usiku mnapata angalau saa mbili tatu za kulala. Leo sitaki kuzungumzia viza wala kodi ya nyumba. Nataka kumalizia ubishi ambao ulitufanya baadhi yetu tukose treni ya mwisho.

Ubishi wenyewe ulianza kama mzaha. Ilikuwa Jumamosi jioni, kikao cha chama kimekwisha, kwenye sufuria ya pilau umebaki ukoko tu, na kila mtu anajifanya hauoni mlima wa vyombo. Mmoja wetu akataja ushindi wa Alphonce Simbu kule Tokyo, Septemba 2025, alipochukua dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42, sekunde 0.03! Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Tanzania tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1983. Wabongo tukashangilia upya kana kwamba mbio zimekwisha dakika ile ile.

Ndipo jamaa mmoja wa Arusha akatoa kauli: "Sasa jamani, Bayi naye apumzike. Tulikuwa tunamsifia kwa kukosa mwingine. Hana dhahabu ya Olimpiki, rekodi zake zimeshavunjwa zote, na hakutuachia mrithi. Ukubwa wake uko wapi?"

Moto ukawaka. Ndugu zetu wa Kenya wakaona hii ni sikukuu yao, wakaanza kuhesabu medali zao kwa vidole, wakaishiwa vidole. Dada mmoja wa Kampala akasema "banange, hata sisi tuna Akii-Bua na Cheptegei," na kikao kikaanza upya bila ajenda. Mimi nilikuwa upande wa Bayi, lakini nilishindwa kumtetea vizuri maana nilikuwa napiga kelele kuliko kutoa hoja. Naomba nijaribu tena hapa, kwa utulivu.

Kwanza nikiri aibu yangu. Nilipofika nchi hii, Filbert Bayi kwangu lilikuwa jina la shule. Ndiyo, shule! Kwa watu wa rika langu waliokulia Dar, "Filbert Bayi" ni zile shule za Kimara na Kibaha. Nilijua kwamba mwenye jina aliwahi kukimbia, basi. Siku moja nikiwa Parramatta Park najitesa na mbio zangu za kupunguza kitambi, mzee mmoja wa Kizungu, wa miaka sabini na kitu, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Nikasubiri aseme Serengeti au Kilimanjaro kama kawaida yao. Mzee yule akasimama kabisa, akasema, "Bayi! Christchurch!" Kisha akanihadithia mbio nzima, mzunguko kwa mzunguko, huku mikono yake ikikimbia. Nikatikisa kichwa kama ninayejua. Sikujua kitu. Mgeni ananifundisha historia ya kwetu, na mimi naitikia "yes, yes". Nikarudi nyumbani nimenywea.

Kwa hiyo, kwa faida ya wengine waliolijua jina kupitia ada ya shule, haya ndiyo mambo yenyewe. Bayi alizaliwa mwaka 1953, kijana wa Karatu, baadaye akawa mwanajeshi. Januari 1973 alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1500 kwenye Michezo ya Afrika, Lagos. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa rekodi mpya ya dunia. Ile ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun, dakika 3 na sekunde 33.1, ilikuwa imesimama tangu 1967. Alikuwa na umri wa miaka 20, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuishika rekodi hiyo.

Namna alivyoiweka ndiyo iliyomfanya mzee wangu wa Parramatta Park azungushe mikono. Enzi hizo fainali kubwa ya mita 1500 ilikuwa mchezo wa kuviziana. Watu wanajifichaficha nyuma ya wenzao, wanatazamana, halafu mita 300 za mwisho ndipo vita inaanza. Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola. Mita 800 alizipita kwa kama dakika 1 na sekunde 52, amewaacha wenzake mbali, uwanja mzima unasema huyu kijana atakufa. Hakufa. John Walker wa New Zealand alimkimbiza mbele ya watu wake mwenyewe, naye pia akaingia chini ya rekodi ya zamani, dakika 3 na sekunde 32.52, lakini hakumpata. Wa tatu alikuwa Ben Jipcho wa Kenya, wa tano Mwaustralia Graham Crouch. Hakukuwa na mtu aliyelipwa kuweka kasi kwa mizunguko miwili halafu akatoka pembeni. Bayi aliweka kasi mwenyewe na kuimaliza mwenyewe. Mei 1975, Kingston, Jamaika, akaongeza rekodi ya maili: dakika 3 na sekunde 51.0.

Haya, sasa tuje kwenye mashtaka. Yalikuwa matatu, nitayajibu moja moja.

Shtaka la kwanza: hana dhahabu ya Olimpiki. Kweli hana. Ana fedha moja tu, ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Moscow 1980, nyuma ya Bronisław Malinowski wa Poland. Hata pale aliongoza kwa muda mrefu, akapitwa mzunguko wa mwisho. Fedha yake na ile ya Suleiman Nyambui ya mita 5000, ya Olimpiki hiyo hiyo, ndizo medali pekee ambazo Tanzania imewahi kuzipata katika Olimpiki hadi Paris 2024. Jirani zetu wa Kenya wakatukumbusha kwamba wao hawakuwapo Moscow, walisusia, kwa hiyo tusijisifu sana. Sawa, nimekubali, hoja ina uzito.

Lakini Olimpiki yake haikuwa Moscow. Ilikuwa Montreal 1976. Dunia nzima ilikuwa inasubiri Bayi na Walker wakutane tena, maana Walker naye alikuwa ameshaichukua ile rekodi ya maili Agosti 1975. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu mwaka ule ule ambao watoto wa shule walipigwa risasi Soweto. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe, Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ikakataa, na zaidi ya nchi 20 zikasusia. Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17, yaani sekunde saba polepole kuliko Bayi wa Christchurch.

Jamaa wa Arusha akaniambia, "Siasa ndiyo iliyomponza, basi tuilaumu siasa, lakini dhahabu hana." Ndugu yangu, hapo ndipo tunapoachana. Tanzania ya miaka ile ndiyo iliyokuwa na makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, pale Dar es Salaam. Wakimbizi wa Afrika Kusini tuliwapa ardhi Morogoro wakajenga shule. Hatukuwa na fedha nyingi za kutoa, tulitoa tulichokuwa nacho. Na mwaka 1976 tulichokuwa nacho cha thamani kuliko vyote katika michezo kilikuwa miguu ya kijana mmoja wa miaka 23. Ile dhahabu haikupotea njiani. Tuliilipa. Huwezi kumtuma mtoto akalipe deni la ukoo, halafu arudi umwambie mbona mfuko wako mtupu.

Wala si sisi peke yetu. Dada yetu wa Kampala alisema jambo zuri: John Akii-Bua, bingwa wa mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82, naye alikosa Montreal, na Edwin Moses wa Marekani akachukua dhahabu na rekodi pamoja. Na Wakenya wenyewe, walioshika kidole cha medali, wana Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia katika siku 81 mwaka 1978. Rono hakukimbia Olimpiki hata moja, kwa sababu Kenya ilisusia 1976 na 1980. Alifariki mwaka 2024. Nani kati yenu Wakenya atasimama aseme Rono hakuwa mkubwa? Mlinyamaza wote siku ile, mkaenda kuosha vyombo.

Ila tusiseme uongo kwa mapenzi. Bayi alikuwa akisumbuliwa na malaria mwaka ule wa Montreal, na inawezekana kabisa kwamba Walker angemshinda. Mwaka 1978 kule Edmonton alishindwa na Mwingereza David Moorcroft kwa sekunde 0.11. Alikuwa binadamu. Kwa hiyo mimi simpi dhahabu ya kufikirika. Nasema tu kwamba pale mahali tupu kwenye kabati lake pasihesabiwe kuwa kosa lake.

Shtaka la pili: muda wake umepitwa. Eti Hicham El Guerrouj wa Moroko alikimbia dakika 3 na sekunde 26.00 mwaka 1998, sasa huyo wa 3:32 wa nini? Hapa naomba mchukue kalamu. Tangu Montreal 1976 hadi Paris 2024 kumekuwa na fainali 13 za Olimpiki za mita 1500 kwa wanaume. Katika hizo 13, washindi watatu tu ndio waliokimbia haraka kuliko Bayi wa 1974. Watatu! Jakob Ingebrigtsen wa Norway Tokyo, Cole Hocker wa Marekani Paris, na wa kwanza kabisa alikuwa Mkenya Noah Ngeny. Na Ngeny alifanya hivyo wapi? Hapa hapa jirani yetu, uwanja wa Homebush, kilomita chache tu kutoka Parramatta, mwaka 2000. Alikimbia dakika 3 na sekunde 32.07. Yaani ilichukua miaka 26 kwa bingwa wa Olimpiki kumpita Bayi, na alimpita kwa sekunde 0.09. Mwaka 2016 kule Rio dhahabu ilipatikana kwa dakika 3 na sekunde 50.00 kamili, sembuse!

Najua mtaniambia fainali za kuviziana hazilinganishwi na mbio za kasi. Ndiyo hoja yangu hasa. Bayi alikimbia kasi ya rekodi ya dunia ndani ya fainali, mahali ambapo wengine wanaogopa kupoteza medali. Na rekodi yake ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu miaka 48. Aliyeivunja, mwaka 2022 Birmingham, ni kijana wa hapa Sydney, Oliver Hoare, kwa dakika 3 na sekunde 30.12, akiwaacha Timothy Cheruiyot wa Kenya na Jake Wightman wa Scotland kwa nukta chache. Miaka 48, wadau. Wakati wa Christchurch wazazi wa baadhi yenu walikuwa bado hawajazaliwa.

Shtaka la tatu ndilo lililonichoma, na nakiri sikuwa na jibu usiku ule: hakutuachia mrithi. Rekodi ya taifa ya Tanzania ya mita 1500 bado ni ile ile dakika 3 na sekunde 32.16 ya mwaka 1974. Nusu karne na zaidi. Jamaa wa Kenya akasema kwa upole, bila hata kucheka, "Sisi rekodi ikikaa miaka hamsini tunaona ni msiba." Nikanyamaza.

Nimelifikiria hili njiani kwenda kazini na kurudi, na jibu langu ndilo hili. Tumezoea kuitaja rekodi hiyo kwa kujivuna: "Hadi leo hakuna aliyeivunja!" Kumbe tunajisema wenyewe. Rekodi iliyodumu dhidi ya dunia nzima inamsifu aliyeiweka. Rekodi iliyodumu ndani ya nyumba yake tu inawasema waliobaki ndani. Ya Birmingham ilimsifu Bayi kwa miaka 48. Hii ya nyumbani inatusema sisi.

Tazameni wenzetu. Mwaka 1976, mwaka ule ule tulioikosa Montreal, mwalimu mmoja kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, alifika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa kocha, alikuja kufundisha jiografia. Kutoka kwenye shule ile na kambi zilizofuata wakatoka mabingwa wa dunia mmoja baada ya mwingine. Wale watoto hawakuwa na damu ya ajabu kuliko watoto wa Karatu, Mbulu, Hanang au Singida. Miinuko tunayo, miguu tunayo. Tofauti ni kwamba mtoto wa Iten akitoka shuleni anamkuta aliyemtangulia anafanya mazoezi barabarani, anamfuata nyuma. Wetu anatoka shuleni anamkuta nani?

Tena Bayi mwenyewe hakukaa kitako akisubiri kusifiwa. Alijenga shule, alifanya kazi kwa miaka mingi kama Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Mnaweza kumkosoa kwa kazi ya uongozi, ni haki, kiongozi hukosolewa. Mwalimu Nyambui naye alisoma El Paso, Texas, akiwa mwanafunzi wa ughaibuni kama mimi na wewe, akarudi akawa kocha na kiongozi wa riadha. Walijaribu. Ila mkimbiaji mmoja hajengi viwanja vya mikoa yote, wala hawezi kuwarudishia watoto muda wa michezo shuleni. Hiyo ni kazi ya nchi. Kumlaumu Bayi kwa kukosa mrithi ni kama kumlaumu aliyepanda mwembe kwamba hakubaki kuumwagilia miaka hamsini, huku sisi tumekaa kivulini tunakula maembe.

Na Simbu? Jamani, Simbu hahitaji Bayi ashushwe ili yeye apande. Naye ni mwanajeshi, naye kafanya mazoezi mwaka hadi mwaka bila kelele, shaba London 2017, nafasi ya pili Boston 2025, kisha Tokyo. Ukimtazama zile mita za mwisho utaona hakushinda kwa bahati. Mimi namwona kama mtu wa kwanza baada ya muda mrefu kuitikia mlango uliogongwa Christchurch. Tukiwapanga wawili hawa kama Simba na Yanga, kesho tutasahau wote wawili.

Basi msimamo wangu ni huu. Ukubwa wa Bayi umesimama, na unasimama kwa miguu yake: alikimbia mbele wakati wengine wanajificha, akaweka muda ambao mabingwa 10 kati ya 13 wa Olimpiki hawakuufikia fainali, na akakosa mbio kubwa ya maisha yake kwa sababu nchi yake ilisema hapana kwa ubaguzi. Kinachoyumba ni urithi tuliopaswa kuuendeleza sisi.

Mtasema, wanafunzi wa Parramatta tutafanya nini, hatuna hata kiwanja. Tuanze na dogo. Watoto wa Kiafrika wa Blacktown na Granville wanajua majina yote ya raga na mpira wa vikapu. Waambieni na haya. Treni ya Homebush ikipita, waonyesheni uwanja ambao Ngeny alishinda, na muwaambie alikuwa akikimbizana na muda wa nani. Wale mnaosoma sayansi ya michezo, ualimu au uhasibu, mnajua kwamba riadha kwetu inahitaji zote tatu. Anayerudi nyumbani arudi na kitu.

Mimi nimeanza kwa kumtafuta yule mzee wa Parramatta Park. Nilimpata Jumamosi iliyopita. Safari hii mimi ndiye niliyeanza: nikamwambia kuhusu Lagos 1973, jinsi Bayi alivyomshinda Keino mwaka mzima kabla ya Christchurch. Alikuwa hajui. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimsimulie vizuri. Tukazunguka bustani mara mbili, na kitambi changu kikashukuru.

Jamaa wa Arusha, kama bado unabisha, pilau ijayo ni kwangu. Vyombo utaosha wewe.

Naomba kuwasilisha.